Miche ya masika: mti kuwa mgeni si hoja

Mhariri,

Masika yakikaribia, Malindi hujaa miche. Shule zinagawiwa, vikundi vya akina mama vinagawiwa, hoteli zinapanda mbele ya kamera, na lengo la taifa la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032 halikosekani katika hotuba. Kupanda miti ni jambo jema, hatuna ugomvi nalo. Ugomvi wetu ni kwamba katika lori moja hupakiwa mikwaju ya asili pamoja na miarobaini ya kigeni, mibambakofi ya asili pamoja na lusina (mti wa kigeni wa lishe ya mifugo), na anayegawa hamwelezi anayepokea kuwa mti mmoja utakaa pale pale ulipopandwa, na mwingine baada ya miaka 15 utakuwa umeshafika kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hadi ukingoni mwa msitu.

Jambo hili likizungumzwa watu hugawanyika pande mbili, na zote mbili zinakosea. Wapo wasemao miti yote ya kigeni ing'olewe. Wapo wasemao mwarobaini ni dawa, na mti wa dawa utadhuru vipi? Swali la maana haliko huko. La kujiuliza ni kwa nini, katika mimea yote iliyoletwa pwani hii, michache tu ndiyo inayoingia mwituni na kuisukuma nje mimea asilia, huku mingine ikitulia shambani karne nzima. Ukilijua hilo, hata namna ya kupambana nayo hubadilika, maana sehemu kubwa ya kazi haihitaji panga.

Tuanze na iliyotulia. Mwembe ulitoka Bara Hindi na nchi za jirani yake. Mkorosho na muhogo ilikuja na Wareno kutoka Amerika ya Kusini. Mahindi asili yake ni Mexico. Muhogo hauendi mwituni: usipokata kijiti ukakifukia, mwaka ujao huna shamba. Mwembe una kokwa kubwa ambayo hakuna ndege wa hapa anayeweza kuimeza, na kokwa hiyo ikikauka kwa wiki chache hufa. Nyani akiiba embe, kokwa huiangusha hatua chache mbele. Mti wa namna hii unaweza kuota nje ya shamba, lakini hautembei.

Mwanaikolojia Mwingereza Mark Williamson aliwahi kutoa kipimo cha kukadiria: katika aina 10 zinazoletwa, moja hutoka nje ya bustani, katika 10 zilizotoka, moja hujizalia bila kusaidiwa, katika 10 zinazojizalia, moja huwa kero. Ni makadirio, si sheria, na visiwani mambo huwa mabaya zaidi. Hata hivyo yanaonyesha jambo la kweli, kwamba wageni wengi hushindwa. Mfano mzuri uko kwa majirani zetu, kwenye bustani ya Amani huko Usambara Mashariki, Tanzania, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Pale zilipandwa aina nyingi mno za miti kutoka pembe zote za dunia. Karne moja baadaye watafiti walipozipitia, aina zaidi ya 200 za kigeni zilikuwa bado hai, lakini zilizokuwa zikijizalia imara zilikuwa takriban 40, na zilizosambaa mbali zilikuwa chache kuliko hizo.

Wingi wa kupandwa ni sehemu kubwa ya jibu, na ndiyo sehemu isiyozungumzwa kwa sababu inamgusa mwenye kitalu. Mti mmoja wa pambo katika ua wa hoteli unaweza kufa kwa ukame, kwa mbuzi au kwa bahati mbaya tu. Miti elfu moja iliyotawanywa katika vijiji 20 haifi yote. Kila mmoja ni jaribio jipya kwenye udongo tofauti, karibu na ndege tofauti, na panatosha jaribio moja lifanikiwe. Kwa hiyo kampeni ya kupanda miti, bila kukusudia, ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuugeuza mti mpole kuwa mvamizi.

Mathenge, mti wa miiba wa kigeni (Prosopis juliflora), ni ushahidi tosha. Uliletwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa, ili uote mahali ambapo hakikuota kitu. Mapema miaka ya 1980 ukapandwa kwa makusudi Baringo, Turkana na Tana River, katika miradi ya kuni na ya kuzuia jangwa. Kwa zaidi ya miaka kumi malalamiko yalikuwa haba. Kivuli kilipatikana, kuni zilipatikana. Kisha zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, mafuriko yakabeba mbegu, mifugo ikabeba zilizobaki. Mwaka 2006 Wailchamus, jamii ya Baringo, walikwenda mahakamani Nairobi na mbuzi asiye na meno, wakieleza kuwa maganda matamu ya mathenge yamemharibu kinywa. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa gugu hatari chini ya Sura ya 325 ya sheria za Kenya, ukiwa umeshajaa kingo za mto Tana.

Ile miaka kumi ya kimya ndiyo inayowapoteza watu. Mti wa kigeni huhitaji muda: ukomae, uzae, uzao wake nao uzae, umpate mnyama wa kuubeba, upate mwaka mmoja wa mvua nyingi. Kwa hiyo mwenye kitalu akikuambia, "Huu tumeupanda miaka minane na haujasumbua mtu," hajakuthibitishia lolote.

Wingi na muda pekee havitoshi kueleza. Kuna maadui. Mmea ukiwa kwao una wadudu wanaoula majani, vipekecha vinavyotoboa shina, kuvu wanaoozesha mizizi, na mbawakavu wanaotaga ndani ya mbegu. Mbegu ikivuka bahari ikiwa safi ndani ya pakiti, maadui hao wanabaki nyuma, na mmea unapata nafuu ambayo mti asilia ulio ubavuni mwake hauna. Lusina inalionyesha hili waziwazi. Asili yake ni Mexico, na pwani ilisifiwa sana kama lishe ya ng'ombe wa maziwa. Ilistawi kwa fujo hadi mwaka 1992, alipofika Kenya na Tanzania mdudu mfyonzaji mdogo, urefu wake milimita moja au mbili, ambaye kwao ni kule kule ilikotoka lusina. Ncha changa zikakunjamana, majani yakapukutika. Udongo ulikuwa ule ule na mvua ile ile, kilichobadilika ni mdudu mmoja. Hakuiua lusina, bali aliipunguza kasi, na wakati wa kiangazi, mdudu akipungua, lusina hupumua tena.

Gugu maji la Ziwa Victoria linasema jambo lilo hilo. Kenya ilipoachilia fukusi wake kutoka Amerika ya Kusini mwaka 1997, katika miaka michache iliyofuata gugu lilipungua sana, ingawa wapo wanaoamini kuwa mawimbi na hali ya hewa ya El Niño vilichangia, na nadhani wana haki kiasi. Baadaye gugu lilirudi, kwa sababu maji machafu yanayoingia ziwani hulilisha kila siku. Hapa niweke tahadhari: wadudu hawa hupimwa miaka kadhaa ndani ya vizuizi, wakipewa mazao na mimea asilia, ili ihakikishwe kuwa hawali kingine. Asije mtu akaleta mdudu kwa mfuko wa shati.

Lakini kama tungeambiwa tuchague sababu moja ya kuihangaikia hapa Malindi, tungechagua pengo. Mimea vamizi hufuata mahali palipofunguliwa. Mwaka 2000 mwanaikolojia Mark Davis na wenzake walilieleza hili kwa namna ambayo fundi yeyote wa shamba ataielewa: jamii ya mimea huvamika pale inapokuwa na mwanga, maji au rutuba ambayo hakuna anayeitumia kwa wakati huo. Mti mkubwa ukianguka, mwanga unaingia bila mwenyewe. Moto ukipita, majivu yanaachia rutuba na nyasi zilizokuwa zikinywa maji hazipo. Mbuzi wakilisha kupita kiasi, nyasi zinabanduliwa na maji ya mvua yanashuka hadi kwa mizizi ya vichaka. Mgeni akiwa na mbegu tayari pale wakati huo, amepata. Pengo likifungwa na mimea ya hapa kabla yake, hana nafasi.

Mwarobaini ni hodari wa jambo hili kwa namna ambayo wengi hawaioni. Mche wake huvumilia kivuli miaka ya mwanzo. Ukiingia msituni kutoka upande wa mashamba, utaiona miche myembamba ya kufika gotini, majani yake yenye meno kama msumeno, ukiyasaga ni machungu, nayo imesimama tu, hairefuki. Mtu husema mwarobaini umeshindwa humu. Haujashindwa, unangoja. Siku mwizi wa magogo akiangusha muhuhu mmoja kwa ajili ya wachongaji, au mrihi kwa ajili ya mbao, miche ile ndiyo iliyotangulia kuwa pale, na hukimbilia mwanga kwa kasi ambayo mche wa muhuhu, unaokua polepole, hauwezi kuishindania. Kwa hiyo wizi wa mti mmoja huleta hasara mara mbili: umeondoka mti asilia na nafasi yake imechukuliwa.

Yeyote anayetaka kujua hali ya msitu au kaya (msitu mtakatifu wa Wamijikenda) iliyo karibu naye anaweza kupima, akishapata ruhusa ya wazee au ya walinzi wa msitu. Tengeneza fremu ya fito nne za mita moja moja. Anzia ukingoni, tembea kuelekea ndani hatua 100 kwa mstari mmoja, na kila baada ya hatua 10 weka fremu chini, uhesabu miche ya kigeni iliyo ndani yake, uandike na kimo chake: chini ya kifundo, hadi gotini, kupita gotini. Fanya mistari mitatu, kila mmoja mbali na mwenzake. Hesabu ikishuka haraka kadiri unavyoingia, mbegu zinatoka nje, na dawa iko mashambani kwa jirani. Hesabu isiposhuka, au ukikuta ndani miche mirefu kuliko ya ukingoni, basi kuna miti mama humo ndani na lazima itafutwe. Kazi hii ni ya asubuhi moja, na inaokoa miezi ya kukata mahali pasipo penyewe.

Watu husema pia kuwa msitu wenye aina nyingi hauvamiwi. Mwanaikolojia Charles Elton alilisema hili mwaka 1958 na lina ukweli wake, ila katika eneo dogo: pale penye aina nyingi zinazokunywa maji kwa vina tofauti na kwa misimu tofauti, mabaki ya mgeni ni machache. Ukitazama eneo kubwa, lenye udongo na mvua za kila namna, aghalabu penye aina nyingi asilia huwa na aina nyingi za kigeni pia, kwa kuwa panawafaa wote. Kwa hiyo tusijifariji kwamba msitu wetu ni tajiri wa aina na kwa hiyo uko salama.

Wabebaji nao tusiwasahau. Tunda la mwarobaini likiiva huwa manjano na tamu kidogo, na ndege, popo na nyani wote hulipenda. Ukiona mstari wa miche ya mwarobaini chini ya waya wa umeme, au duara lake chini ya mbuyu wanakolala popo, hakuna aliyeipanda. Kunguru wa Kihindi, ambaye naye ni mgeni pwani hii, hula matunda ya mwarobaini kwao na hapa pia, kwa hiyo mgeni mmoja anamlea mwenzake. Lantana, kichaka cha kigeni, hubebwa na ndege vilevile, na hiyo ndiyo sababu huota chini ya miti iliyosimama peke yake malishoni. Mathenge una njia nyingine: ganda lake ni tamu, ng'ombe na mbuzi hulila zima, na mbegu yenye ngozi ngumu hupita tumboni ikalainika kiasi, ikatoka ndani ya samadi yenye unyevu na rutuba. Hakuna mkulima anayeweza kuipanda vizuri kuliko hivyo.

Kuhusu sumu za ardhini, ambazo husemwa sana, sisi tunashauri kiasi. Ni kweli kuwa majani ya mathenge yana kemikali zinazozuia mbegu za mimea mingine kuota, na jambo hilo limeonekana mara nyingi maabarani. Ila maji ya majani yaliyosagwa katika kopo si sawa na udongo wa shambani, ambako vijidudu huvunja kemikali hizo. Chini ya mathenge mkubwa hakuoti kitu kwa sababu kadhaa kwa pamoja, na kunyang'anywa maji na mwanga si jambo dogo.

Mvinje huulizwa sana, kwa kuwa wakulima wengi wa Kilifi huupanda kwa ajili ya nguzo na fito. Mbegu yake ni ndogo mno, hupeperushwa na upepo, haidumu muda mrefu, na huhitaji mchanga mtupu wenye unyevu ili iote. Chini ya mivinje yenyewe, kwenye zulia zito la sindano zake, huota kwa shida. Katika shamba lenye jembe hausumbui. Huko Florida, Marekani, umekuwa mvamizi mkubwa wa fukwe. Shauri letu ni moja: usipandwe juu ya mstari wa maji makuu, wanakotaga kasa, maana mizizi yake ya juu juu hufunga mchanga.

Lamu wana bahati ya mikoko. Maji ya chumvi huwazuia wageni wengi wa nchi kavu, kwa kuwa mbegu zao haziwezi kunywa maji hayo. Lakini bahati hiyo hudumu mikoko ikisimama. Huko Nigeria mnipa wa Asia, mti wa jamii ya minazi, uliletwa mwaka 1906, nao ukaingia hasa pale mikoko ilipokatwa na kuachwa wazi katika delta ya Niger. Anayekata boriti Lamu na kuacha tope tupu bila kupanda tena alijue hilo.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza linalofanywa karibu kila mahali ni kuanzia kwenye kichaka kikubwa, kwa sababu ndicho kinachoudhi na ndicho kinachopendeza kupigwa picha. Anzia kwa ile miti michache iliyotangulia mbali. Kichaka kikubwa hupanuka kwa ukingo wake tu, lakini miti 20 iliyotawanyika ni vichaka 20 vya kesho, na leo kila mmoja ni kazi ya saa moja.

Kwa mwarobaini kuna habari njema: mbegu yake haidumu. Nyingi hufa ndani ya wiki chache au miezi miwili mitatu, kwa hiyo udongo hauna akiba ya miaka. Ukiondoa miti mama kabla matunda hayajageuka manjano, na ukang'oa miche misimu miwili ya mvua mfululizo, umeumaliza mahali hapo, ila ule unaoletwa na ndege kutoka nje. Mche ulio chini ya goti ng'oa kwa mkono siku ya pili au ya tatu baada ya mvua kubwa, udongo ukiwa laini, na uhakikishe mzizi mkuu umetoka wote; ukikatikia njiani hutoa chipukizi. Mti mkubwa ukikatwa tu hurudi na vichipukizi kumi. Njia isiyo na gharama ni kuchuna gome: mzunguko mzima wa shina, upana wa sentimita 30, kwenye kimo cha goti, kisha ukwangue kwa kisu ule utando wenye utelezi mpaka uguse mti mkavu. Ukiacha uzi wa gome wa upana wa kidole, mti utapona. Unaweza kuchukua miezi mingi kufa, na kila mwezi lazima urudi kuvunja vichipukizi vinavyotoka chini ya pale ulipochuna. Usichune mti ulio karibu na nyumba au njia, kwa kuwa mti mkavu huanguka bila kutoa taarifa, huo ukatwe. Anayetumia dawa ya magugu apake kisiki papo hapo baada ya kukata, si baada ya chai, kwa maana kidonda kikishakauka dawa haiingii. Na asiitumie karibu na visima wala mikoko. Gogo lisichomwe bure. Wachongaji wa Malindi wamekuwa wakichonga mwarobaini kwa miaka mingi kama mbadala wa muhuhu, na gogo lililonyooka, lisilo na ufa, lina mnunuzi.

Mathenge ni kinyume chake: mbegu hudumu miaka mingi ardhini. Ukiukata kwenye goti unaurudisha ukiwa na mashina mengi na miiba mirefu zaidi. Lazima uchimbe kwa sururu mpaka chini ya shingo ya mzizi, sentimita 20 hadi 30, na uukate hapo, kwa sababu macho yote ya kuchipuka yako juu ya pale. Wachoma makaa husifiwa kuwa wataumaliza. Hawatoi shina jembamba, huchagua manene na kuacha msitu wa fimbo. Maganda yaokotwe na kusagwa kwenye kinu mpaka mbegu zivunjike, ndipo yachanganywe na lishe nyingine. Yasizidi robo ya chakula cha siku. Mifugo iliyokula maganda mazima ifungwe zizini siku saba au nane kabla ya kuhamia malisho safi. Na anayenunua samadi ya Tana kwa ajili ya shamba la Magarini ailundike, aimwagilie, aigeuze mpaka ioze, kisha aiangalie masika yote: kila kinachoota chenye vijani viwili vinene na miiba midogo king'olewe.

Kando ya mto Sabaki na kwenye miteremko ya mchanga usiondoe chochote mara moja. Toa ukanda mmoja, panda, ungoje ushike, ndipo uhamie ukanda wa pili. Ukingo uliobaki uchi huondoka na mto.

Lantana si ngumu kung'oa, ni ngumu kumaliza. Mizizi yake haiko chini sana. Ing'oe baada ya mvua, uitundike juu ya kichaka kingine mizizi ikitazama juu, kwa maana shina likilala kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi mipya. Usiichome moto ikiwa imesimama: huchipuka kutoka kitakoni, na pengo la majivu huliwahi yenyewe. Ng'ombe na mbuzi wasiachwe karibu na majani yaliyokatwa, hasa wageni waliotoka bara wakiwa na njaa. Sumu yake huharibu ini, ngozi yao huumia juani na kubanduka.

Lusina ikatwe kabla maganda hayajageuka kahawia. Ukiikata kila wiki sita au nane kwa ajili ya lishe haizai kamwe, na kwa mfugaji anayefanya hivyo haina tatizo. Tatizo ni lusina iliyosahaulika.

Yote haya ni bure kama pengo litaachwa wazi. Siku ya kung'oa iwe ndiyo siku ya kupanda, au wiki hiyo hiyo. Miti ya asili ipandwe karibu karibu, mita mbili kwa mbili, ili vivuli vikutane mapema, baadaye itapunguzwa. Kati yake panda kunde au acha nyasi za hapa.

Kwa hiyo tunaomba vitalu vinavyouza au kugawa miche vijibu maswali machache kabla ya lori kupakiwa. Je, mti huu umeshakuwa kero katika nchi nyingine yenye hali ya hewa kama yetu? Hakuna kipimo kinachobashiri vizuri kuliko hicho. Je, unazaa mapema, ukiwa na miaka mitatu tu badala ya 15? Je, tunda lake linaliwa na ndege au popo? Je, mbegu yake hudumu ardhini? Ukipata "ndiyo" mbili, basi mti huo ubaki katika mashamba yenye mwenyewe na usipelekwe kijiji kilichopakana na msitu au kaya.

Mibadala ipo. Pwani ya bahari kuna mtondoo, wenye kivuli kizito na usioogopa chumvi. Shuleni kuna mkwaju. Kwa anayemwekea mjukuu kuna mbambakofi. Malalamiko kwamba miti hii haikui mengi hutokana na kitalu. Mbegu ya mbambakofi iondolewe ile kofia nyekundu, ilowekwe usiku mmoja, ipandwe katika mfuko mrefu wa sentimita 25 au zaidi. Mzizi wake mkuu hushuka haraka kuliko shina linavyopanda. Katika mfuko mfupi wa mboga mzizi huo hujikunja chini, na mti ukishahamishwa shambani hudumaa miaka mitatu, ndipo mwenye shamba anaung'oa na kwenda kuomba mwarobaini.

Wasomaji wenu,
Malindi